Mkahawa Mdogo wa Bangkok na Gunia la Karafuu



Iko tabia moja iliyotuenea sisi watu wa visiwani, nayo ni kukipima chakula kwa nyumba kinamoliwa. Akija mgeni twamtafutia mahali penye vitambaa vyeupe mezani na kijana aliyefunga tai, ingawa twajua kabisa kwamba chakula cha pale hakina ladha, na kwamba wali mzuri wa nazi na mchuzi wa pweza uliotulia wapatikana kwa mama mmoja nyuma ya soko, penye mabenchi mawili na turubali juu. Na tabia hiyo hiyo twaichukua mpaka shambani. Gunia likijaa na likashonwa vizuri twasema kazi imekwisha, na kilichomo ndani ni shauri la mnunuzi. Maoni yetu ni kwamba mambo haya mawili ni kosa moja, nalo ni kosa la kupenda ganda na kusahau kiini. Leo twataka kulieleza kwa mfano wa mkahawa mmoja mdogo tuliokula katika mji wa Bangkok.

Tulipita mji huo safarini, tukienda kutazama masoko ya viungo ya Mashariki. Bangkok ni mji mkuu wa Thailand, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Siam, na umekuwa mji mkuu tangu mwaka 1782. Umejengwa kando ya mto mkubwa uitwao Chao Phraya. Wenyeji wengi ni wa dini ya Budha, walakini Waislamu nao wapo tangu zamani, na jamaa zao walitoka Malaya, Java, Uhindi, Uajemi na kwengineko. Katika mtaa wa Bang Rak, karibu na mto, uko msikiti uitwao Haroon, na hapo karibu yapita barabara kongwe ya Charoen Krung iliyojengwa katika miaka ya 1860, zama za mfalme Mongkut. Katika vichochoro vya upande huo Mwislamu hupata chakula cha halali bila ya kuuliza sana, na huko ndiko tulikokula.

Mkahawa wenyewe, mtu angeupita bila ya kugeuza shingo. Ulikuwa na meza sita za bati, viti vya plastiki visivyolingana rangi, feni moja ya ukutani iliyokuwa ikilia, na kabati ya kioo ambamo masufuria yalipangwa. Orodha ya vyakula ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na vyakula vyenyewe havikuzidi vinne. Mpishi alikuwa mama wa makamo aliyejifunga mtandio, na mwanawe wa kiume ndiye aliyepokea watu na kuhesabu fedha. Tulipotoa salamu ya Kiislamu waliitikia vizuri, wakatuvutia viti, na kijana akatuambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba tumewahi, kwa sababu ifikapo saa nane za mchana masufuria huwa matupu nao hufunga mlango.

Tuliletewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa wali wa manjano uliopikwa pamoja na kuku, wenyewe wauita khao mok, maana yake wali uliofukiwa kitu ndani yake. Mtu wa Pemba akiuonja hatauliza ni nini, kwani ni ndugu wa biriani yetu, ila wao huula na achari nyepesi ya kijani yenye siki na pilipili. Cha pili kilikuwa mchuzi wa nyama ya ng'ombe uitwao massaman, tukaula kwa mkate wa kusukumwa uliokaangwa, ambao wauita roti kama wanavyouita Wahindi. Mchuzi ule ndio uliotufanya tuandike makala haya.

Twajaribu kuueleza. Mpishi huchukua karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, bizari nyembamba na giligilani, akavikaanga vikavu juu ya moto mdogo mpaka harufu ipande. Kisha huvitwanga katika kinu pamoja na pilipili kavu zilizorowekwa, vitunguu vidogo, thomu, mchaichai, mzizi mmoja wa jamaa ya tangawizi, na uduvi uliovundikwa kwa chumvi. Tui zito la nazi hulipika peke yake mpaka litoe mafuta, ndipo atiapo masala yale na kuyakaanga ndani ya mafuta hayo ya tui. Baadaye hutia nyama, mbatata, njugu nyasa, ukwaju na sukari ya mnazi au ya mtende wa kwao, akaacha mchuzi ujipike taratibu. Ukiutia mdomoni wapata utamu kwanza, kisha ukali wa ukwaju, kisha pilipili kwa mbali, na mwisho kabisa, wakati umekwisha kumeza, karafuu husimama peke yake na kusema, "Mimi nipo."

Jina la mchuzi huo lafaa kujulikana na wanachama wetu. Massaman ni matamshi ya kale ya Kithai ya neno lenye maana ya Mwislamu. Vyakula vingi vya Wathai hupikwa kwa majani na mizizi mibichi, lakini huu umejengwa juu ya viungo vikavu vya biashara, vile vilivyosafiri katika majahazi. Wako wasemao kwamba uliingia kwa Waajemi waliofika Ayutthaya, mji mkuu wa zamani ulioteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767. Katika Waajemi hao yupo Sheikh Ahmad wa Qom, aliyefika mwanzoni mwa karne ya 17 na kizazi chake kikapata vyeo vikubwa katika serikali ya wafalme. Wako wengine wasemao kwamba ulitoka kwa Wamalai wa kusini. Kwa vyovyote ulikwisha kuwa chakula cha heshima zamani, kwani mfalme Rama wa Pili, kabla ya kutawala, aliusifu katika utenzi wake juu ya vyakula. Basi mchuzi huu ni wa damu moja na pilau yetu. Bahari iliyowapelekea wao viungo na dini ndiyo iliyotuletea na sisi.

Pengine mwanachama atasema kwamba twasifu kwa sababu tulikuwa na njaa ya safari. Sivyo. Mwaka 2011 shirika la habari la Marekani, CNN, lilitoa orodha ya vyakula 50 vitamu kuliko vyote duniani, na massaman ukawekwa nambari 1. Na kuhusu mikahawa midogo, mwishoni mwa mwaka 2017 kitabu cha Michelin, ambacho wapishi wa Ulaya wakiogopa kama mtihani, kilipotoa toleo lake la kwanza la Bangkok, kilimpa nyota mama mmoja ajulikanaye kwa jina la Jay Fai, apikaye kwa makaa katika duka lililo wazi barabarani. Hawakutazama marumaru wala taa, walitazama kilichomo sahanini. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe lituhusulo. Baada ya kula tulimwambia kijana kwamba sisi ni wakulima wa karafuu kutoka kisiwani Pemba. Akamweleza mama yake, naye akacheka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya karafuu akaimimina juu ya sahani mbele yetu. Kwa Kithai karafuu huitwa kan phlu, na phlu ni tambuu, ile ile ya kutafunia na popoo. Mama yule akaanza kuchambua kwa kidole. Zenye vichwa aliziweka upande mmoja, zisizo na vichwa upande mwingine. Makonyo aliyatupa chini bila ya kuyatazama. Akachukua karafuu moja akaibana kwa ukucha chini ya kichwa, mafuta yakatoka kidogo, akatuonyesha. Akachukua nyingine, nyeupe nyeupe na nyepesi, akaibana, haikutoa kitu, akaitupa pamoja na makonyo.

Tulimuuliza zimetoka nchi gani. Akasema hajui. Huzinunua kwa muuza viungo, na muuza viungo huzitoa guniani, na gunia halisemi. Tukamuuliza hutia ngapi katika chungu kimoja. Akanyoosha vidole, ikawa saba.

Ndugu wanachama, tuizingatie hesabu hiyo. Karafuu si mchele. Mchele ukiwa na chuya kumi ndani ya kilo, mlaji hutema akaendelea kula. Lakini mpishi atiaye karafuu saba katika chungu cha watu thelathini, mbili zikiwa zimevundika au hazina mafuta, chungu kizima kimeharibika, na wote thelathini watajua kwamba iko kasoro japokuwa hawatajua jina lake. Karafuu kavu iliyo njema huwa na mafuta kiasi cha 15 hata 20 katika kila mia kwa uzito. Makonyo huwa na 5 mpaka 7 hivi. Kwa hiyo mwenye kuchanganya makonyo katika karafuu hauzi uzito, auza upungufu, na yule mama wa Bangkok, asiye na mizani wala maabara, amekwisha kumjua kwa ukucha wake.

Twajua jawabu litakalotolewa. Mwanachama mmoja atasema: "Karafuu zetu nyingi haziendi jikoni. Huenda Indonesia zikasagwa na kutiwa katika sigara, na moshi hauulizi kichwa wala konyo." Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya karafuu za dunia huvutwa katika sigara za kretek za Indonesia. Lakini na tukumbuke yaliyotupata. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ijapokuwa mikarafuu asili yake ni huko kwao, katika visiwa vya Maluku. Kisha wakapanda kwa bidii, na ilipofika miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei ikaanguka, na kila mwenye shamba wa umri wetu ajua ni mikarafuu mingapi iliyoachwa ikamezwa na magugu. Mwenye kutegemea mnunuzi asiyeuliza ubora, siku mnunuzi huyo akipata mali yake mwenyewe hana tena neno la kumwambia mtu mwingine. Mpishi ni mnunuzi mdogo, lakini haachi. Atapika kesho, atapika keshokutwa, na akipata karafuu njema atauliza zimetoka wapi.

Mwingine atasema: "Niifanyie kazi yote hiyo kwa faida gani, na mwenzangu aliyeanika barabarani hupata fedha karibu sawa na zangu?" Neno hili lina uzito, nasi hatulipuuzi. Uchumaji ni kazi ya hatari, watu huanguka mitini kila mwaka na wengine hufa. Kuchambua usiku kucha ni kazi, na kuanika siku nne au tano na kuzikimbilia kila wingu likitanda ni kazi pia. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Kama tofauti ya bei baina ya daraja la kwanza na madaraja ya chini haimlipi mtu jasho hilo, basi hilo ni neno la kudaiwa na chama chetu mbele ya wanunuzi, na lidaiwe kwa sauti moja. Lakini hatuwezi kudai bei ya karafuu njema huku tukipeleka karafuu mbaya. Madai yataka mkono safi. Samaki mmoja akioza wote huoza, na gunia moja lenye makonyo huwapa sababu ya kuyashuku magunia mia ya watu waaminifu.

Na makonyo yenyewe yana mahali pake. Kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta, na mafuta ya makonyo ni bidhaa inayotakiwa. Mwenye kuyatia katika gunia la karafuu huwa ameharibu vitu viwili vizuri kwa kuvichanganya.

Wathai wametufunza jambo jingine, nalo ni la jina. Mwaka 2002 serikali yao ilianza mpango wa kuongeza mikahawa ya Kithai katika nchi za nje, na Wizara yao ya Biashara hutoa alama iitwayo Thai Select kwa mikahawa ipikayo kwa namna yao ya haki. Walijua kwamba mtu akiupenda mchuzi London au Sydney atataka mchele wao, tui lao la nazi, na sosi yao ya samaki. Mchele wao wa hom mali husafiri na jina lake limepigwa juu ya gunia. Sisi je? Kisiwa hiki, tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, ndicho kilichobeba karafuu za Zanzibar, na dunia yatambua jina la Zanzibar kwa karafuu kuliko kwa kitu kingine. Lakini gunia lilipofika kwa muuza viungo wa Bangkok lilikuwa bubu. Hata kama karafuu zile zilitoka Mkoani au Wete, hapana awezaye kutuambia, na sifa yake imekwenda bure.

Na hapa nyumbani, ni wageni wangapi huja kisiwani kwa ajili ya harufu ya karafuu, kisha mkahawani wakaletewa chipsi na kuku wa barafu aliyetoka ng'ambo? Mgeni arudi kwao hajaonja pilau iliyotiwa karafuu za msimu huu, wala mchuzi wa samaki wa tui, wala kahawa yenye tangawizi na karafuu. Kisha twalalamika kwamba jina letu halitangai. Yule mama wa Bangkok hakuwa na mtangazaji. Alikuwa na vyakula vinne avijuavyo barabara, akavipika kila siku kwa namna moja, akafunga mlango vilipokwisha, asiongeze maji katika mchuzi ili auze sahani kumi zaidi. Twaona hapo ndipo ulipo ubora wake. Angeweza kuongeza maji, na siku ile hapana ambaye angejua.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, nasi twayaweka mbele ya wanachama ili yazungumzwe katika mkutano ujao.

Kwanza, kila tawi lichague watu watatu, na mmoja wao awe mpishi mwanamke anayejulikana kwa mkono wake, wazipime karafuu za tawi kabla hazijapelekwa kituoni. Kipimo chao kiwe kile cha jikoni: kichwa kipo au hakipo, ukucha watoa mafuta au hautoi, na karafuu ikitiwa majini yazama au yasimama, ama yalala juu kama kapi. Hakihitaji mashine wala ruhusa ya mtu.

Pili, karafuu zisianikwe barabarani. Lami huzitia harufu ya mafuta ya gari, na mchanga huingia. Jamvi safi au sakafu iliyofagiwa yatosha, na asiye na sakafu aazimwe na jirani yake mwanachama, kama tulivyokuwa tukifanya.

Tatu, karafuu zisilale katika polo zikiwa mbichi. Zikipata joto usiku mmoja huanza kuvundika, na ule weupe alioutupa mama wa Bangkok hutokana na hilo zaidi kuliko na jua hafifu.

Nne, chama kiombe kwamba kila gunia la daraja la kwanza liandikwe jina la kisiwa na la shehia lilikotoka. Mwenye kuweka jina lake huona haya kuweka uchafu nyuma ya jina hilo.

Tano, siku ya mkutano mkuu chakula kisinunuliwe hotelini. Kipikwe na mama zetu wa matawi, kila tawi kwa karafuu zake, na wanachama waonje. Tawi ambalo pilau yake haina harufu halitahitaji kuandikiwa barua.

Twajua kwamba mambo haya ni madogo. Hayataizidisha mvua wala hayatapunguza bei ya kumlipa mchumaji. Lakini ni mambo yaliyo katika mikono yetu wenyewe, na msimu uko njiani, matawi ya mikarafuu yameanza kuonyesha vichwa. Katika gunia utakalolishona mwaka huu zitakuwamo karafuu saba zitakazoingia katika chungu cha mtu usiyemjua, naye atazibana kwa ukucha. Mwenye kuona vingine na aandike, nasi tutalitia neno lake katika toleo lijalo.